Hiyo Kauri Kwa Nywele Yako Ni Gani Hasa? Cheki Gamba, Jina Liko Hapo

Kauri zimerudi na nguvu. Ukizunguka Tao wikendi huwezi kosa kuziona: kwa rasta, kwa shingo, kwa hereni, kwa bangili za miguu, hadi kwa viatu vya ngozi. Wasanii wanazidunga kwa video, madem wanazipachika kwa nywele, na maboy hawajaachwa nyuma. Lakini jaribu kuuliza anayeziuza hiyo ni kauri ya aina gani. Atakuangalia kidogo, halafu akwambie kauri ni kauri, boss wangu, unachukua ngapi?

Sasa hapo ndo si tunatofautiana. Duniani kuna zaidi ya aina 200 za kauri. Kuna zenye ziko ndogo kama punje ya hindi na kuna zenye zinashinda ngumi yako. Zile za kwa nywele, karibu zote zinatoka kwa kaukoo kamoja kadogo kanaitwa Monetaria. Wasomi wa viumbe huita ukoo kama huo jenasi. Jenasi ni kama boma la babu mmoja, na kila spishi ndani yake ni nyumba ya mtoto mmoja aliyeoa akajijengea. Boma la Monetaria liko na nyumba tano tu. Tatu kati ya hizo ziko hapa kwetu, kwa miamba ya Pwani, kutoka Kiunga hadi Vanga.

Na raha ya hii kitu ni kwamba huhitaji maabara. Ukijua pa kuangalia, gamba lenyewe linakupa jina.

Kwanza, huyu ni mnyama

Kuna watu wamekua wakidhani kauri ni mbegu, ama jiwe la baharini. La. Kauri ni konokono. Anaishi kwa maji ya chini chini, kwa mwamba na kwa nyasi za bahari, na hawa wa ukoo wa Monetaria kazi yao ni kula mwani. Gamba ni nyumba yake, na alijijengea mwenyewe.

Umewahi jiuliza mbona kauri inang'aa hivyo, kama imepigwa vanishi? Konokono wengine nyumba yao iko nje, inapigwa na mchanga, inaota uchafu. Kauri akiwa hai anatoa ngozi laini kutoka pande zote mbili za mdomo wa gamba, inapanda juu hadi ikutane pale mgongoni, inafunika nyumba yote. Hiyo ngozi ndo inapaka rangi, inaongeza tabaka na kupiga polishi kila siku. Akiogopa anairudisha ndani haraka, unabaki na gamba linalong'aa kama sahani.

Na sahani sijaitaja bure. Kwa Kiswahili, kauri ni huyu konokono, na pia ni ule udongo mweupe wa vikombe na sahani za maana. Wataliano nao wa kitambo walifanya kitu hiyo hiyo: walimwita huyu konokono porcellana, halafu wakaona vyombo vya Kichina vinang'aa kama yeye, wakavipa jina lake. Kumbe vile vikombe vya mathe vya wageni pekee viliitwa jina la konokono, na ni lugha mbili zenye ziliona hivyo.

Kuna kitu kingine lazima ujue kabla tuanze kutaja majina, juu ndo huwa inachanganya watu wengi. Kauri mtoto hafanani na mzazi wake hata kidogo. Akiwa mdogo gamba ni nyembamba, mdomo uko wazi, na ile mizunguko ya konokono unaiona pale nyuma. Akikomaa, ule mdomo wa nje unajikunja kuelekea ndani, meno yanaota pande zote mbili, na mizunguko inafunikwa. Kuanzia hapo harefuki tena. Anaongeza unene tu, hasa pembeni na tumboni.

Maana yake ni kwamba ukubwa haukuambii umri. Unaeza pata kauri mfupi wa sentimita moja na nusu akiwa mzee wa boma, na mwingine wa sentimita mbili na nusu akiwa bado kijana. Kwa hivyo mtu akikwambia hii ni spishi ingine juu ni kubwa, usikubali haraka.

Nyumba tano za Monetaria

Tuanze na yule wa kwetu kabisa. Monetaria annulus. Annulus ni Kilatini cha pete, na ukimwona utajua mbona. Mgongo wake uko na mstari wa dhahabu, kati ya njano na rangi ya chungwa, umezunguka kama pete imeachwa juu ya meza. Ndani ya pete ni kijivu chenye kinavuta samawati. Nje ya pete, pande zote, ni rangi ya maziwa. Umbo lake ni la yai, mzunguko wake umetulia, hauna vinundu vya maana. Wengi wako kati ya sentimita moja na nusu na mbili na nusu. Maji yakitoka Pwani, huyu ndo utapata wengi kushinda wote.

Wa pili ni Monetaria moneta. Moneta ni pesa, na hiyo hadithi tutaifika. Huyu ni wa njano, saa zingine njano ya ndimu, saa zingine imefifia karibu iwe nyeupe, na wakati mwingine ana mistari myepesi ya kijivu imekatiza mgongo. Lakini rangi siyo kitambulisho chake. Kitambulisho ni umbo. Moneta ana kona. Ukimtazama kutoka juu siyo yai, ni kama yai limekaliwa: mabega yamepanuka kwa upande mmoja, kuna vinundu pembeni, na gamba ni nzito na limebonyea. Pitisha kidole pembeni utaskia vinundu.

Hapa ndo watu huangukia pua. Moneta wengine wana kamstari ka njano mgongoni, kanafanana na pete. Mtu anaona mstari anasema annulus, kesi imeisha. Haijaisha. Usiangalie pete peke yake. Angalia pete pamoja na mzunguko wa gamba. Kama kuna pete kali na umbo ni yai laini, huyo ni annulus. Kama pete ni ya kubahatisha na pembeni kuna vinundu, huyo ni moneta. Na wakiwa watoto wote wawili, kabla pete itokee na kabla vinundu viote, hata fundi anaeza kwama.

Wa tatu ni mnyonge kwa soko lakini mimi binafsi namwona ndo mrembo kuliko wote: Monetaria caputserpentis, yaani kichwa cha nyoka. Pembeni ni hudhurungi nzito kama chokoleti, juu ya mgongo kuna madoa meupe mengi yamejazana kama nyota, na kwa ncha zote mbili rangi inapauka. Ukimwangalia kutoka upande ni bapa, pana chini na mwinuko kati, kweli kama kichwa cha nyoka amelala. Huyu anapenda mahali mawimbi yanapiga kwa fujo, na hilo umbo bapa linamsaidia kushika mwamba. Haonekani sana kwa bangili juu watu wa mapambo wanataka nyeupe.

Hao wawili wamebaki ni majirani wa mbali. Monetaria caputdraconis, kichwa cha joka, anaishi kwa Kisiwa cha Easter na kale kakisiwa jirani ka Sala y Gómez, huko Pasifiki, nchi ya Chile. Kwingine hakuna. Anafanana na kichwa cha nyoka lakini amekolea weusi zaidi. Ni kama ndugu aliyepotelea kisiwani akaanza ukoo wake. Halafu kuna Monetaria obvelata wa visiwa vya Polinesia ya Ufaransa. Huyo ni kama annulus aliyekula akashiba: pembeni amenenepa hadi kingo zimepanda juu ya mgongo, na mgongo umebaki umezama kati kama bakuli. Kuna wasomi wanaosema huyo siyo spishi kamili, ni annulus wa visiwa vya mbali tu. Mabishano hayo tutayagusa.

Majina ya mtaa

Kabla Wazungu walete Kilatini, Pwani walikuwa na majina yao. Kauri ni moja. Simbi ni lingine. Kete pia ni kauri ndogo, zile za kuchezea bao, na ndo maana mpaka leo ukicheza drafti kwa kibanda cha kinyozi unasogeza kete, hata kama ni vifuniko vya soda. Yule mkubwa wa madoadoa, mwenye anajaza kiganja na siyo wa ukoo huu, anaitwa dondo, na mafundi wa nguo walikuwa wakimtumia kulainisha mshono.

Vuka mpaka uende Kampala. Kwa Kiganda pesa ni ensimbi. Ni simbi hiyo hiyo. Watu wa Buganda walikuwa wakilipana kwa kauri zilizotoka Pwani, na kauri zilipoondoka sokoni jina lilibaki kwa noti. Ghana nao sarafu yao inaitwa cedi, kutoka kwa neno la Kiakani la kauri. Na kwa maandishi ya Kichina, maneno mengi ya mambo ya mali, kununua na kuuza yana kialama kidogo ndani chenye kilianza kama picha ya kauri. Kwa hivyo ukidunga kauri shingoni, kwa hesabu za kitambo umevaa doh.

Wakati pete ilikuwa inaamua bei

Hapa ndo mambo ya gamba yanaacha kuwa ya wapenda bahari peke yao.

Kitambo sana, ghala kuu la kauri duniani lilikuwa visiwa vya Maldivi, kule Bahari ya Hindi. Kauri yao ilikuwa moneta, ile ya kona. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko aliyepitia Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331, aliishi Maldivi miaka kadhaa baadaye akawa kadhi huko. Aliandika kwamba kauri 400,000 zilikuwa zinabadilishwa na dinari moja ya dhahabu, na zikijaa sana inabidi uongeze zaidi. Baadaye akafika Mali na Gao, Afrika Magharibi, akakuta kauri zile zile zinaenda 1,150 kwa dinari. Piga hesabu mwenyewe. Konokono huyo huyo, na bei imeruka zaidi ya mara 300 juu tu ya kuvuka bahari na jangwa.

Wazungu walipoona hiyo hesabu hawakulala. Kuanzia karne ya 16 meli zao zilibeba kauri za Maldivi. Wadachi na Waingereza wakazipeleka hadi Amsterdam na London, mara nyingi zikiwa mzigo wa kuweka meli iwe na uzito, halafu zinauzwa kwa mnada na kupakiwa tena kuelekea Afrika Magharibi. Huko zilinunua watu. Hilo halina njia ya kulipaka sukari. Kwa pwani ya Benin na majirani zake, kauri zilikuwa sehemu kubwa ya malipo ya binadamu waliouzwa utumwani. Zilihesabiwa kwa mpangilio: kauri 40 kwa uzi mmoja, nyuzi 50 zinafanya kichwa kimoja chenye kauri 2,000, na vichwa kumi ni gunia moja la 20,000.

Ona vile waliamua pesa iwe nini. Moneta ni ngumu, haivunjiki ovyo, haiozi, ni ndogo, zote zinakaribiana ukubwa, na hakuna fundi anaeza kuighushi kwa bei ya chini kuliko yenyewe. Noti ya leo ingetamani hizo sifa. Lakini kulikuwa na shida moja: ndugu yake.

Miaka ya 1840, kampuni ya Hertz ya mji wa Hamburg, Ujerumani, ilistuka kitu. Kule Zanzibar na pwani yetu hii, annulus zilikuwa zimejaa, na bei yake ilikuwa chini sana kuliko zile za Maldivi. Annulus ni pete, siyo kona. Lakini ukizimwaga kwa gunia, nani atasimama kukagua moja moja? Wakazipeleka Afrika Magharibi na zikakubaliwa. Kampuni zingine zikafuata mbio, O'Swald wa Hamburg wakiwa mbele, na Wafaransa wa Marseille hawakubaki nyuma. Kwa miaka michache maelfu ya tani za annulus zilikuwa zimetoka upande huu kwenda upande ule.

Wakati huo Waingereza walikuwa tayari wamepiga marufuku biashara yao ya watumwa, tangu 1807, kwa hivyo mzigo mkubwa wa kauri za Zanzibar ulikuwa unanunua mafuta ya mawese ya kulainisha mashine na kutengeneza sabuni za Ulaya. Lakini usidhani hiyo ilikuwa biashara safi. Mawese mengi yalizalishwa na watu waliokuwa watumwa huko huko.

Halafu mkwanja ukafanya kile mkwanja hufanya ukichapishwa bila breki. Kauri zikajaa, thamani ikaanguka. Kitu ulichonunua jana kwa uzi mmoja, kesho kinataka nyuzi kadhaa. Mbaya zaidi, annulus za Zanzibar zilikuwa kubwa na nzito kuliko moneta, kwa hivyo mtu mwenye alihitaji wapagazi kubeba pesa zake sasa anahitaji wapagazi wengi zaidi kubeba thamani kidogo zaidi. Mama wa soko aliyekuwa ameweka akiba yake kwa chungu cha kauri kwa miaka, alifungua chungu akapata kauri ziko zote, hakuna iliyoibwa, lakini zilikuwa hazinunui kitu. Mwisho wa karne ya 19 kauri kama pesa ilikuwa inakufa, na serikali za kikoloni zikamalizia kazi kwa kudai kodi kwa sarafu zao.

Tofauti ya pete na kona. Kwa mtu anayeokota ufuoni ni mapambo. Kwa hao watu ilikuwa akiba ya maisha.

Wasomi nao wakaingia na majina yao

Yule Msweden Linnaeus ndo aliweka msingi. Mwaka wa 1758, kwa toleo la kumi la kitabu chake cha kupanga viumbe vyote, alitia kauri zote kwa sanduku moja akaliita Cypraea, jina lenye linamrejelea yule mungu wa kike wa mapenzi wa Kigiriki na kisiwa cha Kipro. Moneta, annulus na caputserpentis zote tatu yeye ndo alizipa hayo majina, na yamedumu hadi leo. Lakini sanduku moja la kauri zote ni kama kuita kila gari la abiria mat. Ni sawa hadi siku utataka kujua ni ya njia gani. Mwaka wa 1863 Mjerumani Troschel akatoa jina Monetaria kwa hizi za pesa.

Halafu akaja Mfaransa Rochebrune, mwaka wa 1884. Huyo alichukua moneta akazipanga kwa meza, akaanza kuona tofauti. Hii ina kona zaidi, hii imepauka, hii ni ndefu kidogo. Kila tofauti akaipa jina la Kilatini kama spishi mpya. Moja akaiita mercatorium, kumaanisha ya wafanyabiashara. Leo majina yake karibu yote yamefungiwa kwa kabati, yanahesabiwa kuwa ni moneta tu zenye sura tofauti. Na siyo kwamba hakuwa na macho. Shida ni kwamba gamba hubadilika na maisha ya mwenye gamba: chakula, joto la maji, mawimbi, umri. Ukimpa kila mtu wa mtaa wako kabila jipya juu ana kitambi ama ana mabega mapana, utamaliza alfabeti.

Karne ya 20 wakaja mume na mke, Franz na Maria Schilder, wakasema wacha tuache kukisia, tupime. Wakapima urefu wa gamba, wakapima upana kama asilimia ya urefu, wakahesabu meno ya kila upande wa mdomo, na kila kauri ikapata fomula yake ya namba. Walifanya hivyo kwa magamba mengi ajabu. Ukiwa na magamba mengi ya mahali pamoja, unaona wastani, na unajua kama huyu mrefu ni wa ajabu ama ni kawaida ya hapo. Mimi naona hiyo ndo kazi ya maana zaidi kwa hii hadithi yote, hata kama haina drama.

DNA ilipofika ikathibitisha mengi ya macho na ikakoroga machache. Kesi ya obvelata ndo ngumu. Kwa gamba anaonekana mtu wa kivyake kabisa. Kwa damu, yuko karibu sana na annulus. Sasa utamwita spishi juu ya sura, ama utamrudisha kwa nyumba ya annulus juu ya damu? Wengi bado wanamwandika kama spishi. Wengine wanakataa. Kama umewahi kuwa kwa kikao cha familia cha kugawa shamba, unajua hakuna cheti kinamaliza mabishano kama hayo.

Na kuna New Caledonia, kisiwa cha Pasifiki chenye udongo uliojaa nikeli. Huko kauri za aina kadhaa hupatikana zikiwa nyeusi tititi na ncha zimerefuka kama midomo ya ndege. Wakusanyaji matajiri wanazilipia pesa ndefu. Mtu akiiona mara ya kwanza anaapa ni spishi mpya. Siyo. Ni kauri wa kawaida aliyekua vibaya, na wengi wanashuku madini ya huko ndo yanachangia.

Sasa rudi kwa ile ya kwa nywele yako

Kuna tatizo dogo. Kauri za mapambo nyingi zimekatwa mgongo ili zilale bapa kwa nywele ama kwa kitambaa. Na mgongo ndo ulikuwa na pete. Ushahidi umetupwa kwa sakafu ya fundi.

Usijali, bado kuna kazi ya kufanya. Ilaze meno yakikuangalia. Fuata mzunguko wa nje kwa kidole. Ukiwa umetulia kama yai, weka pesa yako kwa annulus. Ukikuta mabega yametoka na gamba limepanuka upande mmoja, ni moneta. Halafu chungulia kingo za pale palipokatwa: saa zingine fundi amekata kidogo, na kipande cha mstari wa dhahabu kimebaki kwa ukingo. Ukiona huo mstari mkali, na mzunguko ni laini, umemaliza kesi.

Kama iko nzima lakini ni ya zambarau, usidhani umepata kitu adimu. Hiyo ni kauri iliyosuguliwa na mchanga hadi rangi ya juu ikaisha, na chini ya ngozi wengi wa ukoo huu wako zambarau. Zile zimepauka hivyo zilikufa zenyewe, zikabebwa na mawimbi. Na hii ndo habari yenye wauzaji hawakwambii: kauri inayong'aa kama kioo, karibu kila mara ilitolewa kwa maji konokono akiwa hai. Ule mng'aro ni kazi ya ile ngozi, na hauishi muda mrefu ufuoni. Annulus bado ni wengi, siyo kiumbe cha kuhesabika, kwa hivyo sikwambii utoe hereni zako hapo ulipo. Lakini ukipewa chaguo kati ya inayong'aa na iliyofifia, sasa unajua unachagua nini.

Za feki nazo ziko. Plastiki iko nyepesi na ina joto ukiishika, gamba halisi ni baridi na zito kuliko unavyotarajia. Halafu hesabu meno. Za plastiki zimetoka kwa moldi moja, kwa hivyo zote kwa uzi mzima zina meno idadi ile ile, yamekaa vile vile. Konokono hawajawahi kubaliana hivyo.

Na ukishuka Pwani, usiokote ndani ya mbuga za baharini kama Watamu, Malindi, Mombasa ama Kisite. Huko hakuna kutoa kitu, hata gamba tupu. Ukiwa nje ya mbuga na unataka kushika kitu kwa mkono, kuna mmoja wa kuogopa: konokono wa umbo la koni ya aiskrimu, wengi wana michoro mizuri kama leso. Ana mshale wa sumu anaufyatua kutoka mdomoni. Yule anayeitwa Conus geographus, na yuko kwa bahari yetu, ameshaua watu, na dawa ya kuvunja sumu yake haipo. Kumtofautisha na kauri ni rahisi kuliko moneta na annulus. Mdomo wa kauri uko chini, katikati, na una meno pande zote mbili. Koni ana ufa mrefu upande mmoja, laini, bila jino hata moja, na ncha moja imechongoka. Lakini usimgeuze kwa mkono ndo uangalie. Umbo la koni unaliona hata kutoka juu, na ukiliona, mwache hapo hapo alipo.